Fundo Kwenye Kamba ya Ng'ombe

Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba haiuzwi. Mnunuzi huja na yake. Mwenye ng'ombe huifungua ya kwake shingoni mwa mnyama, akaikunja na kuitundika pale ilipokuwa, ili siku nyingine ng'ombe mwingine aje akute nafasi yake ipo. Nimesoma fizikia chuo kikuu kwa miaka minne. Naweza kukueleza kwa nini kamba iliyotundikwa haina uwezo wowote wa kumleta ng'ombe. Lakini siku niliyoambiwa niikate, nikiwa na kisu mbele yangu na kazi mbele ya kisu, sikuikata.

Ng'ombe mwenyewe aliondoka nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni. Alikuwa wa gredi, wa maziwa mengi, mweusi mwenye mabaka meupe, na bei yake ndiyo iliyonimalizia karo ya chuo. Nilikuwa nyumbani wikendi hiyo. Yule mnunuzi alikuwa ametoka upande wa Nyamarambe, mtu wa haraka, na Mama naye alifanya haraka kuliko yeye. Aliifungua kamba kabla hata hawajamaliza kuagana, akaikumbatia kama mtu aliyeogopa kunyang'anywa. Banda likabaki tupu, na kwenye nguzo yake ya mbele, kwenye msumari mkubwa, kamba ikatundikwa. Nilipohitimu ilikuwa pale. Mwaka wa kwanza wa kutafuta kazi ilikuwa pale. Na wa pili.

Ni vizuri niieleze jinsi ilivyo. Nusu yake ni ya mkonge, nene kama kidole gumba, ambayo Mama aliisokota mwenyewe. Nusu nyingine ni nailoni ya bluu, nyembamba, aliyoiunga baadaye majani ya karibu na kigingi yalipokwisha, ili ng'ombe afike mbali zaidi. Alizifunga pamoja kwa fundo kubwa, kisha akaichoma ncha ya nailoni motoni, ikayeyuka na kushikana na mkonge. Fundo hilo halifunguki. Nimelijaribu kwa vidole, kwa meno na kwa msumari.

Katika mwaka wa tatu wa kukaa nyumbani nilikuwa nimeanza kuchagua njia za kupita. Tunaishi kwenye mteremko wa Manga, na ili ufike barabarani ni lazima upite kituo cha majani chai ambapo waendesha bodaboda hukaa wakisubiri abiria. Walianza kuniita mwalimu tangu nilipojiunga na chuo. Wakati huo nilipenda.

“Mwalimu!” mmoja angeita. “Wanafunzi wako wako wapi?”

“Likizo!” mwingine angemjibu kabla yangu.

“Likizo gani hiyo ya miaka mitatu?”

Walicheka bila ubaya, na nadhani walisahau kabla sijafika kwenye kona. Mimi nilibeba maneno hayo siku nzima. Nilijiuliza kama kweli ni miaka mitatu au bado miezi miwili, na kama ningewajibu hivyo wangecheka zaidi. Basi nikawa napita chini, kwenye migomba, ambako njia ni ya matope lakini haina watu. Maombi niliyotuma hayakujibiwa. Wala hawakunikataa, kukataliwa kungekuwa angalau barua. Yalikwenda tu yakanyamaza.

Ndipo nilipoona tangazo kwenye mlango wa duka mjini Nyamira. Shule ya kutwa, vilima viwili kutoka kwetu, ilihitaji mwalimu wa fizikia wa kuajiriwa na bodi yake. Mwombaji angefundisha somo moja mbele ya darasa halisi, kidato cha tatu, kisha ahojiwe. Mada ilikuwa imetajwa: jinsi wimbi linavyorudi likifika mwisho wa kamba. Na mwombaji aje na vifaa vyake, alivyovipata katika mazingira yake.

Niliisoma hiyo sentensi ya mwisho nikafikiri imeandikwa kwa ajili yangu.

Mada yenyewe ni rahisi. Ukishika kamba ndefu iliyolazwa sakafuni na kuitikisa mara moja pembeni, unazaliwa uvimbe unaokimbia juu ya kamba mpaka mwisho. Vitabu vina jina lake la Kiingereza. Mimi niliuita nundu, kwa sababu kamba ilikuwa ya ng'ombe. Ikiwa mwisho wa kamba umefungwa kwenye kitu kisichotikisika, nundu hurudi imepinduka: iliyokwenda kwa kulia hurudi kwa kushoto. Ikiwa mwisho uko huru, hurudi vilevile ilivyokwenda. Hayo ndiyo yote. Mtu mwingine angeyaandika kwenye ukurasa mmoja. Mimi niliandika kurasa kumi na moja kwa somo la dakika arobaini. Mwishoni niliorodhesha maswali ambayo wanafunzi wangeweza kuuliza, pamoja na majibu yake. Yalikuwa ishirini na saba.

Mama alinikuta kwenye majani mbele ya banda, kamba imefungwa kwenye nguzo, nami naitikisa na kurudi nyuma, naitikisa na kurudi nyuma.

“Unacheza na kamba, mura one?” aliuliza. Nyumbani tunazungumza Ekegusii, na mura one ni mwanangu, lakini mwana aliyekwisha kuwa mwanamume.

“Nafanya kazi.”

“Kazi hiyo ina mshahara?”

“Nikiipata.”

Akaketi kwenye kizingiti na ungo wake, akaanza kuchambua chinsaga, mboga ile chungu ambayo yeye hupika kila Jumatatu. Nilimweleza kuhusu shule. Aliacha kuchambua, na hapo nikajua kwamba ameanza kuomba, kwa sababu Mama huwa hafumbi macho anapoomba, huacha tu mikono.

“Ichukue,” akasema. “Lakini usiikate. Hata kipande.”

“Kwani ikikatwa kutatokea nini?” Niliuliza kwa sauti ya chuo kikuu.

“Mimi sijui kutatokea nini. Najua tu kwamba haikatwi.”

Pale kwenye majani nundu ilikwenda vizuri na kurudi imepinduka, hafifu kidogo, lakini ilirudi. Nilirudia mpaka mkono ukauma. Sikuona kasoro yoyote. Sasa najua kwamba majani yalikuwa yakimeza vitu vidogo, na kwamba nilikuwa nafanya mazoezi mahali ambapo kosa langu halingeweza kuonekana.

Siku ya somo nilifika saa moja na nusu asubuhi, ilhali niliitwa saa nne. Mwombaji mwingine alikuwa mmoja tu, dada aliyevaa sketi ya bluu na viatu visivyokuwa na tope hata kidogo, jambo nililolitafakari sana. Alikuwa na springi ndefu ya chuma inayong'aa ndani ya boksi.

“Wewe umebeba kamba,” aliniambia akitabasamu. “Unamfuata nani, alitoroka?”

Nilifikiria jibu. Nililipata jioni, nikiwa nanawa miguu.

Yeye alitangulia. Nilipokuwa nasubiri zamu yangu, fundi wa maabara alinipeleka chumba nitakachofundishia ili niandae vifaa. Alikuwa mtu wa makamo, koti lake jeupe limegeuka rangi ya chai, kalamu tatu mfukoni na zote hazina vifuniko. Sakafu ya maabara ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikawa laini kama sahani. Nilifunga ncha ya nailoni kwenye wavu wa chuma wa mlango wa stoo, nikainyoosha kamba mpaka mbele ya ubao. Yeye aliinama, akaushika upande wangu wa mkonge, akautikisa mara moja tu.

“Umeona?” akasema.

“Nimeona nini?”

“Acha hivyo. Tazama hapa.” Akatikisa tena na kuelekeza kalamu kwenye fundo. Nundu ilikimbia kwenye mkonge, ikafika kwenye fundo, na pale ikawa mbili. Moja ikaendelea mbele kwenye nailoni, kubwa zaidi na kwa kasi zaidi. Nyingine, ndogo, ikageuka ikamrudia, upande uleule iliotokea, bila kupinduka.

“Hilo fundo litakuchanganyia watoto,” alisema. “Unawaambia inarudi imepinduka, na wao wanaona moja inarudi haijapinduka. Likate. Tumia huu mkonge peke yake, unatosha.”

Akatoa kisu cha kukunja mfukoni, akakifungua kwa ukucha, akakiweka juu ya meza kikitazamana nami. Kisha akaenda kufungua madirisha.

Natamani kusema kwamba nilimkumbuka Mama na kuamua kumtii. Sikuamua kitu. Nilisimama nikihesabu. Nikikata, ng'ombe hatakuja. Lakini mimi siamini hivyo. Kama siamini, kwa nini nisikate? Kwa sababu Mama anaamini. Lakini nikipata kazi nitamnunulia ng'ombe, na kamba mpya. Lakini nikikata na nisipate kazi, je? Nitarudi nyumbani na vipande viwili, na atafikiri nilikosa kazi kwa sababu nilikata. Na kama nitakosa kwa sababu sikukata? Nilikuwa bado naenda na kurudi hivyo kengele ilipolia, na wanafunzi wakaanza kuingia wakisukumana. Fundi alipita, akakitazama kisu, akanitazama mimi, akakikunja na kukirudisha mfukoni.

Mwalimu mkuu aliketi nyuma, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, na kando yake mkuu wa idara ya sayansi, mwanamume mnene aliyekuwa akiandika kabla hata sijasema neno.

Mwanzo nilifundisha vizuri. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Somo lilikuwa kwa Kiingereza kama shule inavyotaka, wanafunzi wamejipanga pande mbili za kamba, na nilipouliza nundu itafanya nini ikifika kwenye chuma, mikono mingi iliinuliwa. Nikatikisa. Ile kubwa ikaenda, ikagonga wavu, ikarudi imepinduka, na darasa zima likasema “aaah!” Moyo wangu ulifunguka. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mwalimu.

Msichana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele, shavu lake karibu liguse sakafu ili aone vizuri. Aliinua mkono. Wanafunzi wakishangaa huhamia Kiswahili, naye aliuliza kwa Kiswahili.

“Mwalimu, mimi nimeona mbili.”

“Mbili zipi?”

“Kuna moja ndogo imerudi kabla ya ile kubwa. Na hiyo ndogo haijapinduka.”

Jibu lake nilikuwa nalo. Haikuwa kwamba sijui. Kamba nzito inapokutana na nyepesi, sehemu ya wimbi hurudi bila kupinduka na sehemu nyingine huendelea. Ningeweza kulichora ubaoni kwa mistari mitatu. Ningemwambia, vizuri sana, umeona kile ambacho wenzako hawakuona, njoo uguse fundo hili. Nafikiri ningepata kazi kwa sababu yake. Lakini halikuwa miongoni mwa yale maswali ishirini na saba, na akili yangu ilikuwa imeshatangulia. Nikikubali kuna fundo, wataniuliza kwa nini nimekuja na kamba yenye fundo. Nikieleza kwa nini, nitalazimika kumtaja ng'ombe. Nikimtaja ng'ombe, nitakuwa mwalimu wa fizikia anayeogopa kukata kamba.

“Umeona vibaya,” nilisema. “Ni mkono wangu uliotikisika.”

“Mnunulieni miwani!” sauti ikatoka nyuma, na darasa likacheka.

“Tazameni tena,” nikasema, nikaitikisa kamba kwa nguvu zangu zote, hata ikaruka kutoka sakafuni na kujipiga ovyo, mtu asiweze kutenganisha chochote. “Mmeona sasa?”

“Ndiyo, mwalimu!” walijibu kwa pamoja, jinsi wanafunzi wanavyojibu wakitaka kukaa.

Yule msichana alifungua daftari lake, akatafuta kifutio, akaanza kufuta alichokuwa amekiandika. Alifuta polepole, na alipomaliza akapuliza yale makombo.

Ofisini, baadaye, mkuu wa idara ndiye aliyeuliza. Hakuwa mkali.

“Kamba yako ina vipande viwili. Unajua hilo lilifanya nini?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Ulijua kabla ya somo?”

“Niliona baadaye.”

“Lakini fundi wetu anasema mliijaribu pamoja.” Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kifungo ulichosahau kufunga.

Mwalimu mkuu akavua miwani. “Sasa kwa nini usiukate huo upande mwembamba? Ungetumia huu mwingine.”

Ulikuwa mlango, na alikuwa ameufungua yeye mwenyewe. Mwanamke wa umri wake, wa vilima hivi hivi, bila shaka amewahi kuona kamba imetundikwa kwenye banda tupu. Ningemwambia, ni kamba ya ng'ombe aliyeuzwa. Maneno matano. Angeweza hata kutabasamu.

“Sikuwa na kisu,” nikasema.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na nje kwenye ukumbi fundi alikuwa anapita na trei ya chupa. Alisimama. Alinitazama mara moja, kisha akaendelea, na chupa zake zikalia kidogo kwenye trei.

“Tutakupigia,” alisema mwalimu mkuu, akaivaa tena miwani.

Nilikuwa katikati ya kupanda kilima, kamba begani, nilipopata suluhisho. Ningeifunga kwenye wavu palepale penye fundo, na nailoni ningeiacha ining'inie upande wa pili. Mkonge peke yake ungebaki upande wangu. Hakuna kukata, hakuna nundu mbili. Kitu ambacho mtoto anayefunga mbuzi angekifanya bila kufikiri. Nilikaa chini kando ya njia. Nilikuwa nimefikiria kukata na kutokata kwa bidii kubwa hivi kwamba sikuona kuna kufunga. Kina mama wawili waliobeba vikapu vya majani chai walinisalimu, wakauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikasema ni jua. Kulikuwa na mawingu.

“Ilikuwaje?” Mama aliuliza kabla sijafika mlangoni.

“Vizuri,” nikasema. “Watoto walifurahi.”

Nilipenda jinsi hilo lilivyokuwa kweli kwa sehemu. Hakuuliza zaidi. Alianza kuimba jikoni.

Alhamisi mchana ujumbe uliingia kwenye simu. Wananishukuru kwa kuja, nafasi imepata mtu, wananitakia heri. Nilikuwa shambani, nakata nepia, majani marefu ya kulisha ng'ombe, ambayo siku hizi huwauzia majirani. Niliusoma mara nyingi nikitafuta neno linaloweza kufasiriwa vingine. Kisha nikaenda kuchuma chai hadi jua likashuka, nikala nikiwa nimeinamia sahani, nikalala. Nilijiambia nitamwambia kesho. Mimi hujiambia hivyo kwa urahisi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Kesho ilikuwa Ijumaa, na kwetu sisi Wasabato Ijumaa ni siku ya kukimbizana na jua. Kila kitu kifanyike kabla halijazama: maji yatekwe, chakula cha Sabato kipikwe, nguo zipigwe pasi ya makaa, ua ufagiliwe. Nilibeba maji mara nne. Kila niliporudi nilikuwa na sentensi tayari, na kila nilipotua mtungi nilimkuta anafanya kitu kingine ambacho kisingefaa kukatizwa.

“Kesho nitasimama,” alisema akiwa anakunja kitambaa chake cheupe cha kichwa. Alimaanisha kusimama kanisani wakati wa shuhuda. “Nimenyamaza miaka mitatu. Wenzangu wanasimama, watoto wao wameitwa huku na kule. Kesho nitasema Bwana amekumbuka.”

“Lakini bado hawajapiga, Mama.” Ujumbe ulikuwa mfukoni mwangu wakati nikisema hivyo.

“Ulisema watoto walifurahi. Mtu hushukuru kabla. Ukishukuru baada, hiyo ni risiti.” Akacheka mwenyewe. “Lete kamba niitundike kabla jua halijazama. Halafu nionyeshe kwanza ulichowafundisha. Hata mimi nifurahi.”

Nikaileta. Jua lilikuwa bado juu ya ukingo wa Manga, urefu wa mkono hivi. Nilifunga nailoni kwenye nguzo ya banda na kuinyoosha kamba, si kwenye majani safari hii, bali kwenye ua alioufagia muda huo huo, udongo mgumu, laini, bila hata jani. Mama alichuchumaa karibu na fundo, leso kiunoni, mikono magotini. Nikatikisa.

Aliifuata kwa macho. Akarudi nayo. Akakunja uso.

“Fanya tena.”

Nikafanya tena.

“Hii ndogo imetoka wapi?” aliuliza. “Mbona inarudi na mwenzake hata hajafika?”

Mkono wangu ulibaki umeshika mkonge. Nilimwona yule msichana akipuliza makombo ya kifutio. Sentensi zote nilizokuwa nimeandaa kwenye njia ya kisima zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuja.

“Umeona vizuri, Mama,” nikasema. “Inarudi kutoka kwenye fundo. Kuna mtoto aliyeiona darasani, nikamwambia haoni. Kazi wamepewa wengine.”

Hakusimama. Aliendelea kulitazama fundo.

“Wamekuambia lini?”

“Jana.”

“Jana. Na mimi napiga pasi kitambaa.” Sauti yake haikupanda. “Ulikuwa unangoja nisimame mbele ya watu?”

“Nilikuwa nakuja kukuambia.”

“Lini? Baada ya wimbo wa kufunga?”

Nikaanza kumweleza yote, kwa haraka na bila mpangilio: sakafu ya saruji, fundi, kisu juu ya meza, mwalimu mkuu, uwongo wa kisu. Nilipofika kwenye huo uwongo aliinua mkono ninyamaze.

“Walikuambia ukate, ukakataa?”

“Wewe ulisema haikatwi.”

“Nilisema.” Akasimama, akijisukuma kwa magoti. “Nilimtoa ng'ombe mzima, mura one, mwenye pembe na mkia. Ulifikiri nitalilia nailoni? Ungekata. Ungekata, uje uniambie umekata, mimi nigombe siku mbili, yaishe.”

Hakuna kitu alichowahi kuniambia kilichoniumiza kama hicho. Ningependelea anilaumu kwa kuaibisha nyumba. Niliketi kwenye udongo, mtu mzima mwenye shahada, nikalia kwa sauti ambayo jirani aliisikia, kwa sababu kuku wake walinyamaza na mlango wake ukafungwa kwa adabu.

Mama aliifungua kamba kwenye nguzo. Aliikunja kwa kuizungusha kwenye kiwiko, mkonge kwanza, kisha nailoni.

“Na yule mtoto wa watu?” akauliza. “Uliyemwambia haoni. Yeye ameambiwa ukweli?”

“Bado.”

“Basi hujamaliza somo,” akasema, akaitundika kamba, akaingia ndani kuoga. Jua lilizama.

Kesho yake hakusimama. Wakati wa shuhuda niliketi upande wa wanaume, nikitazama kitambaa chake cheupe safu tatu mbele yangu. Kila mtu alipoinuka kushukuru, kitambaa kiliinama kidogo, kikaitikia amina.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Sikupita kwenye migomba. Waendesha bodaboda waliuliza kama likizo imeisha, nikasema bado, wakasema pole, mwalimu, kwa sauti ya kawaida, na nikagundua kwamba sijui nifanye nini na pole yao. Askari wa getini hakuniruhusu kuingia. Sikuwa na miadi, na darasani, alisema, tayari kuna mwalimu. Ni kweli. Kupitia dirisha la maabara niliiona springi ikimetameta. Nikaomba aniitie fundi.

Alikuja bila haraka. Nilimpa karatasi niliyoiandika mara nyingi mpaka ikabaki fupi. Nilikuwa nimechora kamba, fundo, nundu moja inayokwenda, na mbili baada ya kufika kwenye fundo, moja ikiendelea na moja ikirudi, kila moja na upande wake. Chini niliandika: Kwa mwanafunzi aliyesema ameona mbili. Zilikuwa mbili. Ulichokifuta kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu, na nilijua.

Fundi aliisoma yote, pamoja na mchoro, akifuatisha mishale kwa ukucha.

“Hii hapa umeichora vizuri,” alisema. “Ungeichora siku ile.”

“Najua.”

“Na kisu nilikuwa nacho.”

“Najua. Samahani, mzee.”

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko ule wa koti ambao kisu chake hukaa. “Nitampa,” akasema, na akarudi ndani.

Kama alimpa, sijui. Kama alipewa akaisoma au akaitupa, hilo pia sijui, nami hulifikiria nikichuma chai, nikikata nepia, nikifunga viatu. Sina njia ya kujua, na shule haijaniita tena wala haina sababu. Kamba iko kwenye msumari wake. Nzima.